Maneno haya ni ya watu wawili

Binti yangu amenikataza kuandika jina lake humu. Ana miaka 13, yuko sekondari, na anasema habari za damu yake si za kila mtu. Tumekubaliana nimwite Binti, kwa sharti kwamba niandike zaidi juu yangu na baba yake kuliko juu yake. Sawa. Hata hivyo siku habari ilipotolewa, yeye alikuwa mgongoni kwangu amelala fofofo.

Ilikuwa Julai 2013. Nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali moja ya hapa Mwanza. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, ametoka kuongezewa damu, mkononi bado ana plasta. Akaja daktari kijana, faili kama nane kwapani, anaita: "Mama wa kitanda kumi na moja!" Nikainua mkono. Hakuniita pembeni. Mbele yangu kulikuwa na mama mwenye mapacha, nyuma yangu mzee anayekohoa, na wote wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Mama, majibu yametoka. Mtoto ana siko seli. Ni ugonjwa wa kurithi, mmempa nyinyi wazazi, ataishi nao. Utaanza kliniki Alhamisi. Foliki utapewa hapo hapo dirishani. Mwambie na baba yake aje kupima. Una swali?"

Sikuwa na swali. Swali litoke wapi kwa mtu ambaye hajui ameambiwa nini? Akatikisa kichwa kwa upole, akaenda zake. Yule mama wa mapacha akanipisha nitangulie kwenye foleni, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni kubwa.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la saba, lakini Kiswahili nakijua. Na nilichosikia siku ile kilikuwa Kiswahili. *Siko*, yaani sipo. *Seli*, kile chumba cha mahabusu. Njia nzima kwenye daladala nikawa narudia moyoni, siko seli, siko seli, kama mtu anayekana shitaka polisi.

Nimtendee haki yule kijana. Wodi ilikuwa imejaa, kitanda kimoja watoto wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule. Hakunifokea. Hakunidanganya. Nimeyapima maneno yake miaka yote hii na sijaona hata moja la uongo. Tena yeye alinieleza walau kidogo, maana siku mbili kabla yake walikuwa wanapita raundi, wanasimama kwenye kitanda chetu, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa cha mtoto wangu, na mimi nawaangalia midomo kama mtu anayetazama mpira redio imezimwa. Kosa lake lilikuwa moja. Alinipa habari peke yangu, kisha akanifanya tarishi.

*

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshahangaika. Mtoto alizaliwa mzima, mnene, hakuna shida. Alipofika miezi minane vidole vikavimba, mikono yote miwili, vikawa kama maandazi madogo. Halia vile watoto wanavyolia, analia kwa kulalama, na ukimgusa mkono anaurudisha kifuani. Tukamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Jirani akasema wadudu. Zahanati wakasema malaria, tukapewa dawa ya mseto. Vikanywea. Baadaye ikawa miguu. Mseto tena. Safari ya tatu alikuwa mweupe ndani ya macho kama karatasi, na damu ilipopimwa ikawa nne nukta sita, hata nusu ya kawaida haifiki.

Sasa najua kwamba siko seli ni Kiingereza, sickle cell, ugonjwa wa chembe za damu kujikunja, na najua kwa nini alizaliwa mzima. Mtoto mchanga anakuja na damu ya kitoto, ile ya tumboni, ambayo haijikunji. Inapopungua, kuanzia miezi mitano sita hivi, ile ya kwake mwenyewe ndiyo inashika zamu, na hapo ugonjwa unajitokeza. Kuvimba vidole ni moja ya dalili za mwanzo kabisa. Laiti mtu angeniambia hilo zahanati. Lakini hilo ni andiko la siku nyingine.

*

Mume wangu anafanya kazi Mwaloni, Kirumba, kupima na kufunga dagaa wanaosafirishwa. Jioni ile nilimsubiri ale kwanza. Nikamwambia, "Daktari kasema mtoto ana ugonjwa wa damu. Wa kurithi. Kasema tumempa sisi."

"Sisi nani?"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Hakuuliza mtoto atapona, hakuuliza dawa. *Sisi nani?* Nikajaribu kueleza, lakini nilikuwa nina sentensi sita tu za yule daktari, na tatu nilikuwa nimeshazisahau. Akauliza kama unaambukiza. Sikujua. Akauliza kama una tiba. Sikujua. Kila nilipojibu sijui, nilizidi kuonekana kama mtu anayeficha jambo.

"Kwetu hakuna mtu wa hivyo," akasema. Akatoka nje kupiga simu.

Siku ya tatu mama mkwe akavuka kwa kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, yeye na wifi. Kikao kikakaliwa sebuleni kwangu, kati ya cherehani na meza ya kukatia. Mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, kwenu wamekufa watoto?" Nami kwa ujinga wa kusema kweli nikasema ndiyo, mama yangu alizika wawili kabla yangu, walikufa wadogo, ilisemwa ni homa. Wifi akamtazama mama yake. Kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyemgeuzia mama mkwe swali hilo hilo, na mimi ningeanzia wapi kumuuliza mama wa watu?

Wiki ya pili nikawa nalala kwa dada yangu, Igoma. Sikufukuzwa. Niliambiwa nikapumzike.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari mbaya inauma wapi, namwambia ile ya hospitali haikuniuma sana, nilikuwa nimekufa ganzi. Iliniuma mara ya pili, nilipoitoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Daktari akimwambia mama peke yake kwamba mtoto ana ugonjwa wa kurithi, amempeleka nyumbani kujishitaki.

*

Alhamisi nilienda kliniki nikitokea Igoma. Daktari wa pale alikuwa mzee, miwani imefungwa uzi upande mmoja, karibu na kustaafu. Alimpima mtoto, akaandika dawa, kisha akauliza, "Baba yake yuko wapi?"

"Amekataa kuja."

"Nani alimwambia habari hii?"

"Mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mama, ulibebeshwa mzigo usio wako. Leo mtoto atapata dawa zake zote. Lakini maelezo sikupi. Maneno haya ni ya watu wawili, nikikupa nusu utaenda nayo nyumbani ikuumize. Nitamwita mwenyewe."

Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono: Baba wa mtoto anaombwa afike yeye mwenyewe, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi, kwa mazungumzo kuhusu matibabu. Ugonjwa hakuutaja. Akagonga muhuri, ukatoka hafifu, akaupumulia na kuugonga tena. Nikadhani anapoteza muda wake. Mzee yule alikuwa anawajua wanaume wa Mwanza kuliko mimi. Mume wangu ambaye maneno yangu ya wiki mbili hayakumtikisa, barua ile aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, na Alhamisi akavaa shati la kanisani.

Chumba hakikuwepo. Mzee alituingiza kwenye stoo ya dripu, akafunga mlango, akatupa viti viwili vilivyokuwepo, yeye akakalia boksi. Simu akaizima mbele yetu. Kisha hakuanza kueleza. Alimgeukia mume wangu.

"Baba, mpaka leo umesikia nini kuhusu mtoto wako? Na umesikia kwa nani?"

Mume wangu si msemaji, lakini siku ile alisema. Alisema mpaka akafika hapa: "Nimesikia kwamba mke wangu ana damu mbaya." Mimi nikawa nahesabu maboksi ya dripu. Yalikuwa kumi na saba na moja limepasuka. Daktari hakumkatiza wala kumkemea, alisema tu, "Haya. Asante kwa kuniambia ulivyosikia. Una chenji mfukoni?"

Mume wangu akashangaa. Akatoa chenji. Mzee akachagua sarafu nne, mia mbili mbili na mia moja mbili, akazipanga juu ya faili. Mbele ya mume wangu akaweka mia na mia mbili. Mbele yangu mia na mia mbili.

"Kila mtu anatembea na sarafu mbili za damu. Moja kapewa na baba, moja na mama. Tuseme hii mia ni damu ya kawaida, na mia mbili ndiyo damu inayojikunja. Ukiwa nazo zote mbili, mia na mia mbili, huumwi, unafanya kazi, unazeeka, hujui chochote. Sasa ukizaa unatoa sarafu moja tu. Huchagui. Baba toa moja, mama toa moja."

Akazisukuma mbili za mia mbili katikati. "Huyu ndiye binti yenu."

Kisha akazirudisha, akazisukuma upya: mia na mia, mia ya baba na mia mbili ya mama, mia mbili ya baba na mia ya mama. Njia nne, na moja tu kati ya hizo ndiyo ya ugonjwa. "Na mimba ijayo mnaanza upya. Sarafu hazina kumbukumbu. Msije mkasema tumeshapata mmoja, tumemaliza zamu."

Akamtazama mume wangu. "Mke wako akiwa peke yake hawezi kumpata mtoto huyu. Na wewe ukiwa peke yako huwezi."

Halafu ndipo akataja jina, na akalitaja lote: selimundu. Akauliza kama kwao Sengerema wanalima mpunga. Wanalima. Wanavuna na nini? Na mundu. Akachora nyuma ya karatasi duara moja nene kama chapati, pembeni yake akachora mundu. Hii duara inapita kwenye mshipa inateleza. Hii mundu inanasa, zinabanana, damu haipiti, mtoto analia. Hiyo ndiyo siri ya vidole vilivyovimba. Na mundu haikai siku nyingi mwilini kama duara, inavunjika mapema, ndiyo sababu damu inaisha na macho yanakuwa ya njano. Dakika tatu hazikufika. Nimebeba kilo nzima ya elimu tangu hapo, nimesoma, nimehudhuria semina, na bado sijasikia maelezo yaliyozidi yale ya chapati na mundu.

Akaongeza kitu ambacho naamini ndicho kilichomnyoosha mume wangu mgongo. Alisema sarafu ya mia mbili imejaa kanda hii ya ziwa kwa sababu ya malaria: mwenye moja tu ya hizo, malaria kali haimuui kirahisi utotoni, akabaki hai, akazaa. "Mababu zenu walipona kwa hiyo. Si laana ya ukoo wowote." Baadaye nilikuja kusoma kwamba uhusiano huo ulionyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya na aliyepima damu za watu wa Afrika Mashariki. Mzee hakutaja jina la mtu. Alisema mababu zenu.

Kisha akanyamaza. Hakujaza ule ukimya kwa pole wala kwa Mungu atasaidia. Nje mtu akagonga mlango, mzee akamwambia, "Subiri."

Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo atakufa?"

"Sitakudanganya. Wapo wanaokufa, na wengi hufa wadogo kabla ya miaka mitano. Lakini wengi wao huuawa na vitu vyenye kinga. Homa iliyosubirishwa nyumbani. Malaria. Damu kuisha ghafla bila mtu kujua. Hapo ndipo kazi yetu sisi watatu ilipo."

Sisi watatu. Wiki mbili nilikuwa nimelibeba lile *sisi nani?*, na hapo nikapata jibu lake.

Akamlaza mtoto kwenye mapaja yangu, akauchukua mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za kushoto. Akanionyesha kubonyeza taratibu kwa ncha za vidole wakati mtoto anavuta pumzi, kutafuta bandama. Likiwa kubwa kuliko jana na mtoto ni mweupe na amelegea, usingoje asubuhi. Kisha akauchukua na mkono wa mume wangu, ule wenye harufu ya dagaa isiyotoka hata kwa sabuni ya mche, akauweka pale pale. "Na wewe. Mama akisafiri nani atapima?" Foliki, kile kidonge cha kusaidia kutengeneza damu, kila siku, penisilini asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka mitano, chandarua, maji mengi, joto likifika 38 ni hospitali. Aliandika yote. Akatutuma maabara pamoja, tukatolewa damu kwenye benchi moja.

Kwenye daladala ya kurudi, tukiwa tumekaa kiti cha nyuma, mume wangu akasema akitazama dirishani, "Mama alizika watatu." Hakuongeza neno. Wiki hiyo nilirudi nyumbani kwangu, Kirumba.

*

Mambo ya kupima pamoja sikuyaelewa uzito wake mpaka nilipozoea benchi la kliniki. Kulikuwa na mama mmoja tuliyekuwa tunashona naye vitambaa tukisubiri zamu. Mumewe alienda kupima peke yake maabara ya mtaani, akarudi na karatasi inayosema hana kitu. Fikiria maana yake. Kama baba hana sarafu ya mia mbili, huyu mtoto ni wa nani? Yule mama akarudishwa kwao. Miezi baadaye yule baba aliposhawishiwa kupima tena kwa kipimo kamili, akakutwa anayo. Karatasi ya mtaani ilikuwa imekosea. Wamerudiana, lakini huwa nakumbuka jinsi alivyokuwa anavuta uzi bila kutazama kitambaa.

Mwaka juzi mpwa wangu aliyekuwa chuo cha uuguzi alinionyesha daftari lake. Kumbe kutoa habari mbaya kunafundishwa. Kuna mwongozo wa hatua sita uliochapishwa mwaka 2000 na akina Walter Baile na Robert Buckman, madaktari wa hospitali za saratani za Marekani na Kanada: kwanza andaa mahali pa faragha na ukae chini, pili uliza mgonjwa anajua nini tayari, tatu uliza anataka kujua kiasi gani, nne toa habari kwa maneno mepesi na kidogo kidogo, tano pokea hisia zake, sita panga naye kinachofuata. Nikacheka, nikamwambia mzee wetu alifanya yote sita akiwa amekalia boksi la dripu. Sijui kama aliwahi kuusoma. Kuhusu faragha, wanaosema hospitali zetu hazina vyumba wanasema kweli, lakini stoo zipo.

Mwongozo ule unasema pia, kwenye hatua ya kwanza, kwamba ndugu wa karibu washirikishwe. Nikamwambia mpwa wangu, mstari huo kwetu uandikwe kwa herufi kubwa. Kwa wenzetu huenda ni suala la kumshika mgonjwa mkono. Huku kwetu ndiyo tofauti ya mama kulala kwake au kulala Igoma. Na kama baba ni mvuvi yuko kisiwani, au hayupo kabisa, basi aitwe mjomba, aitwe bibi, aje yeyote ambaye neno lake linasikika nyumbani. Aambiwe na daktari. Mwenye koti jeupe akisema "wazazi wote wawili," ni sayansi. Mimi nikisema, ni utetezi.

Mama mkwe hajawahi kuniomba radhi na sikumtegemea aniombe. Akija sasa anakuja na mchele, na kabla hajakaa anamwita mjukuu, anamlaza kwenye mkeka, anabonyeza chini ya mbavu za kushoto. Alifundishwa na mwanawe.

*

Kumbe kulikuwa kumebaki mtu mmoja wa kuambiwa, na madaktari wote hao hawakutufundisha hilo. Binti alipokuwa na miaka tisa, shuleni walianza kumwita Macho ya Njano. Akarudi ananiuliza kwa nini yeye kila siku kidonge na mdogo wake hapana. Nilitaka kusema nitakueleza ukikua. Nikajiona nimesimama kwenye foleni ya dirisha la dawa nina faili nane kwapani.

Nikasubiri baba yake arudi. Tukakaa watatu, mdogo wake akajipenyeza akawa wa nne, na mume wangu akatoa chenji mfukoni. Nilimwachia aeleze yeye. Alieleza vizuri, ila chapati yake ilikuwa na pembe. Aliposukuma zile mbili za mia mbili katikati, Binti akazitazama kwa muda mrefu.

"Na huyu?" akauliza, akimwonyesha mdogo wake.

"Yeye alipata mia na mia mbili. Kama sisi."

"Kwa hiyo mimi nina mia nne na yeye ana mia tatu."

"Ndiyo," baba yake akasema, ameshikwa pabaya.

"Halafu mmenipa nyingi ndiyo naumwa?"

Hatukuwa na jibu. Baba yake akaanza kusema jambo kuhusu Mungu, akaacha. Binti akafikiri tena, akauliza kama atakunywa kile kidonge mpaka awe bibi. Nikamwambia ndiyo, mpaka uwe bibi. Akasema sawa. Kisha akakusanya sarafu zote nne juu ya meza yangu ya kukatia, shilingi mia sita, akamshika mdogo wake mkono, wakaelekea dukani. Walirudi wana ubuyu na barafu mbili, na mimi nikaanza kupiga kelele kuhusu barafu, kwamba baridi itamletea maumivu, na baba yake akaniambia kwa sauti ya chini nimwache ailambe hiyo moja.